Maswali ya Wasomaji: Fedha za utafiti wa mikoa Ulaya, na mahali zabuni zinapokwama

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wasomaji wetu walio vyuoni na katika ofisi za mipango huko Ulaya, na wachache wameandika kutoka nyumbani. Wote wanaulizia fedha zinazotengwa kuchunguza kwa nini mkoa mmoja husonga mbele na jirani yake hubaki nyuma. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Nasoma mipango miji Esch-sur-Alzette, Luxembourg. Walimu wetu wanaitaja ESPON kila wiki. Ni taasisi, ni mfuko, au ni mradi wa chuo?

Ni mpango wa utafiti unaogharamiwa na nchi nyingi kwa pamoja, na ofisi yake iko hapo hapo Luxembourg. Mwaka 1999, mjini Potsdam, mawaziri wa mipango ya ardhi wa Umoja wa Ulaya walikubaliana juu ya dira ya pamoja ya maendeleo ya maeneo yao. Dira hiyo ilihitaji takwimu na ramani zinazolinganisha mikoa ya nchi zote kwa kipimo kimoja. ESPON ilianza kazi hiyo mwaka 2002.

Leo zimo nchi zote 27 za Umoja, pamoja na Aislandi, Liechtenstein, Norwei na Uswisi. Kwa kipindi cha sasa, kinachoitwa ESPON 2030, bajeti ni takriban euro milioni 60. Milioni 48 kati ya hizo zinatoka Mfuko wa Maendeleo ya Mikoa wa Ulaya, nyingine zinachangwa na nchi zenyewe.

Neno utakalokutana nalo kila ukurasa ni mshikamano wa maeneo, yaani kupunguza pengo la maendeleo kati ya mikoa. Liliingia katika sheria kuu ya Umoja kwa Mkataba wa Lisbon, ulioanza kutumika tarehe 1 Desemba 2009. Ibara ya 174 inataja maeneo ya kuangaliwa kwa jicho la pekee: vijijini, kwenye viwanda vinavyobadilika, kaskazini ya mbali yenye watu wachache, visiwani, mipakani na milimani. Ukiandika andiko la utafiti, isome ibara hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Watathmini wanaijua, na wanamtambua mara moja mtu aliyetumia neno mshikamano kama pambo.

Sisi ni kampuni ya watu sita, Malmö. Tunataka kuomba ruzuku ya ESPON lakini hatuoni fomu ya maombi mahali popote. Tunakosea wapi?

Mnatafuta fomu ya enzi iliyopita. Katika kipindi cha 2007–2013 vikundi vya watafiti kutoka nchi mbalimbali viliomba ruzuku, vikatunza risiti, vikakaguliwa, kisha vikarudishiwa gharama. Tangu 2015 kuna chombo kimoja chenye hadhi ya kisheria, ESPON EGTC, ambacho ndicho kinachopokea fedha za mpango na kununua utafiti kwa mikataba ya huduma. Kwa hiyo mnachotafuta ni zabuni, na matangazo yake hutoka katika TED, gazeti la zabuni la Umoja wa Ulaya. Tofauti hii inagusa kila kitu: bei ni moja na haibadiliki, hakuna anayedai risiti za nauli, lakini pia hakuna anayekuongezea senti ukikadiria vibaya.

Sasa utaratibu. Kwa zabuni ya wazi inayotumwa kwa mtandao, sheria ya ununuzi ya Umoja, yaani Maelekezo namba 24 ya mwaka 2014, inataka muda usiopungua siku 30 kati ya tangazo na siku ya mwisho. Siku 30 ni chache kuliko zinavyosikika. Siku tatu za mwanzo zitumieni kusoma hadidu za rejea na kuamua kama mnaingia au mnaacha. Ndani ya wiki ya kwanza washirika wawe wamekubali kwa maandishi. Maswali kwa mnunuzi yana tarehe yake ya mwisho, nayo huja mapema zaidi. Majibu hutolewa kwa wazabuni wote, kwa hiyo ulizeni msichoelewa bila kufichua mbinu yenu. Wiki mbili za katikati ni za kuandika mbinu, na wiki ya mwisho ni ya karatasi.

Karatasi ndizo zinazowaangusha wengi, na inauma kuona kazi nzuri ikitupwa kabla haijasomwa. Kila mshirika katika kikundi, na kila kampuni ya nje ambayo mnaegemea uwezo wake, lazima awe na tamko lake la ESPD, ile hati ambayo mzabuni anathibitisha kwamba hana deni la kodi, hajafilisika wala hajahukumiwa kwa rushwa. Kiongozi akijaza lake na kusahau la mshirika wa tatu, zabuni ina pengo. Mkiegemea uzoefu wa chuo fulani ili kufikia sifa zinazotakiwa, ambatisheni barua ya chuo hicho ikisema kitatoa watu hao kweli kweli. Jina tu katika orodha halitoshi.

Kuhusu ukubwa wa kampuni, msikate tamaa. Sheria hiyo hiyo inasema mnunuzi asidai mauzo ya mwaka yanayozidi mara mbili ya thamani ya mkataba, isipokuwa kwa sababu maalumu alizozieleza. Watu sita wenye mauzo madogo wanaweza kujiunga na wawili au watatu na kuhesabiwa pamoja. Mjue tu kwamba katika kikundi cha namna hiyo mnunuzi anaweza kuwafanya wote wawajibike kwa mkataba mzima. Mmoja akijitoa, waliobaki wanamaliza kazi yake kwa bei ile ile. Andikeni makubaliano yenu ya ndani kabla ya kutuma zabuni, mkitaja nani anafanya nini, analipwa baada ya hatua ipi, na nani anashika nafasi ya nani.

Makosa mengine tunayoyajua ni bei kuwekwa ndani ya andiko la kiufundi wakati ilitakiwa ikae katika faili lake, kuvuka kikomo cha bei hata kwa euro moja, na kusubiri saa ya mwisho kupakia faili kubwa la ramani. Mfumo hufungwa kwa dakika iliyotangazwa.

Tumepata washirika wawili, Kroatia na Ureno. Hatujui tuweke bei gani. Tukishusha sana, si tutashinda?

Mkishusha sana mtaulizwa. Bei isiyoeleweka kwa udogo wake mnunuzi anatakiwa kuitaka maelezo, na maelezo yakiwa dhaifu anaweza kuikataa. Halafu zabuni za utafiti mara nyingi hupimwa kwa ubora na bei pamoja, na ubora ndio wenye uzito mkubwa zaidi. Tafuteni uwiano huo katika nyaraka kabla ya kupiga hesabu.

Anzeni na siku za kazi, msianze na fedha. Tuchukue mfano wa kazi ya miezi 18 yenye kikomo cha euro 300,000. Mtaalamu kiongozi siku 80 kwa euro 850 ni 68,000. Watafiti wa kati siku 210 kwa euro 600 ni 126,000. Wachora ramani na watu wa hifadhidata siku 110 kwa euro 500 ni 55,000. Jumla ya siku 400 ni euro 249,000. Safari na mikutano 15,000, kununua data na uhariri wa lugha 12,000. Mmefika 276,000. Ongezeni 12,000 za dharura, zikiwa ndani ya viwango vya siku na si katika mstari wa peke yake, na bei yenu ni 288,000.

Angalieni zile siku 110 za ramani na data. Vikundi vipya huziwekea 40, kisha watafiti wa kati wanatumia miezi minne kusafisha majedwali badala ya kuchambua. Theluthi ya kazi ya namna hii ni data, na katika mada kama huduma za afya vijijini inaweza kufika nusu.

Jambo la mwisho ni pumzi ya fedha. Malipo hufuata ripoti zilizokubaliwa: ya mwanzo, ya kati, rasimu ya mwisho, ya mwisho. Kati ya ripoti mbili mnaweza kukaa miezi sita mkilipa mishahara kutoka mfukoni. Kampuni ya watu sita ihesabu hilo kabla ya kusaini, na ihakikishe mshirika wa Ureno naye amelihesabu.

Nimechora ramani ya pato la mikoa kwa kila mtu, 2008 hadi 2020. Poland na Hungaria zina mashimo, Ufaransa nzima imetoweka baada ya 2016, na Ugiriki haionekani mwaka wowote. Data nimeitoa Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, na nyingine kwa shirika jingine. Nimekosea nini?

Barua hii imetufurahisha, maana ndani yake kuna matatizo matatu tofauti yenye sura moja.

Ugiriki ndiyo rahisi. Katika mfumo wa mikoa wa Umoja wa Ulaya, unaoitwa NUTS, wenye ngazi tatu kuanzia 1 ya maeneo makubwa hadi 3 ya madogo, Ugiriki huandikwa EL. Mashirika mengine ya kimataifa hutumia GR. Ulipounganisha majedwali mawili, kompyuta haikupata jozi, ikaifuta nchi nzima bila kukuambia. Badilisha herufi hizo kabla ya kuunganisha, kisha hesabu mistari: jedwali lililounganishwa likiwa na mistari michache kuliko la mwanzo, simama hapo utafute iliyopotea.

Ufaransa ina misimbo mipya, mipaka ya NUTS 2 haikuguswa. Mwaka 2016 mikoa 22 ya Ufaransa bara iliunganishwa kuwa 13. Mikoa mipya ikapanda ngazi ya NUTS 1, na ile ya zamani ikabaki NUTS 2 kwa mipaka yake lakini kwa msimbo mwingine: Alsace ilikuwa FR42 ikawa FRF1, Champagne-Ardenne ilikuwa FR21 ikawa FRF2. Hapa unahitaji jedwali la misimbo tu, safu moja ya zamani na moja ya sasa.

Hungaria na Poland ndiko kwenye kazi. Huko mkoa ulikatwa kweli. Tangu tarehe 1 Januari 2018 mkoa wa katikati ya Hungaria, HU10, umekuwa wawili: Budapest, HU11, na Pest, HU12. Mazowieckie ya Poland, PL12, ikawa PL91, yaani Warszawa na pembezoni mwake, na PL92, sehemu iliyobaki. Kwanza tazama kama nchi yenyewe imeshatoa takwimu za nyuma kwa mipaka mipya. Kama hakuna, shuka ngazi moja hadi NUTS 3. Budapest na Pest zilikuwa tayari vipande viwili vya NUTS 3, kwa hiyo za miaka ya nyuma unazipata huko huko. Kwa Poland fuata njia ile ile, ila hakiki mipaka ya kila kipande.

Tahadhari moja unapojumlisha: usichukue wastani wa wastani. Tuseme wilaya moja ina watu milioni 1 na pato la euro 40,000 kwa kila mtu, nyingine ina watu 200,000 na pato la 10,000. Wastani wa haraka ni 25,000. Jibu sahihi ni jumla ya pato, bilioni 42, kugawa kwa watu milioni 1.2, nalo ni 35,000. Kosa hili limeharibu ramani nyingi zilizochorwa vizuri.

Mfumo wa NUTS haubadilishwi zaidi ya mara moja kila miaka mitatu, lakini hubadilika. Andika toleo unalotumia pembeni mwa kila ramani: 2016, 2021 au 2024. Na usidanganywe na jina la ngazi. Ujerumani ina maeneo ya NUTS 3 takriban 400, Uswidi ina 21. Norrbotten, mkoa wa kaskazini kabisa, peke yake ni kama robo ya eneo lote la Uswidi. Ukipima umbali wa hospitali kwa wastani wa Norrbotten, mwanakijiji wa milimani na mkazi wa mjini Luleå wanaonekana jirani. Mada ya umbali ikikuhusu, tumia miraba ya kilomita moja ya sensa ya 2021.

Mimi ni fundi umeme, naishi Thionville, Ufaransa, kila siku nakwenda kazini Luxembourg. Kwa nini kila orodha inaonyesha Luxembourg tajiri kupita kiasi na kwetu kama tumelala?

Wewe mwenyewe ni sehemu ya jibu, ndugu yetu. Pato huhesabiwa mahali kazi inapofanyika, watu huhesabiwa mahali wanapolala. Kazi yako inaongeza pato la Luxembourg, lakini unapogawa pato hilo kwa idadi ya watu, wewe humo. Wanaovuka mpaka kila siku kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani kwenda Luxembourg ni zaidi ya 200,000, katika nchi yenye wakazi wasiofika 700,000. Upande wako hesabu inageuka: wewe unahesabiwa kama mkazi, pato lako haliko. Mtafiti makini ataweka mapato ya kaya kando ya pato la mkoa, kwa sababu mapato ya kaya yanakufuata nyumbani.

Hili lina uzito wa fedha. Kwa kipindi cha 2021–2027 mikoa ya NUTS 2 iligawanywa kwa wastani wa pato la 2015–2017 kwa kila mtu, likipimwa kwa uwezo wa kununua. Chini ya asilimia 75 ya wastani wa Umoja ni mkoa ulio nyuma, kati ya 75 na 100 ni wa mpito, juu ya hapo ni ulioendelea. Mkoa ulio nyuma unaweza kugharamiwa hadi asilimia 85 ya mradi. Ndiyo maana ile mikato ya Poland na Hungaria haikuwa ya wataalamu wa takwimu peke yao. Utajiri wa Warszawa na Budapest uliinua wastani wa mkoa mzima, na vijiji vya pembezoni vikahesabiwa matajiri. Kroatia nayo iliutenga mji wa Zagreb katika toleo la 2021. Tunaona ilikuwa haki kwa wakazi wa vijiji hivyo, ingawa inamwachia mtafiti mfululizo uliokatika.

Tuko Mamoudzou, Mayotte. Kwenye ramani hizi za Ulaya kisiwa chetu kimewekwa ndani ya kisanduku pembeni. Kuna anayetuchunguza kweli?

Mayotte, kisiwa cha Ufaransa, ni mkoa kamili wa NUTS 2, msimbo FRY5, na tangu tarehe 1 Januari 2014 ni miongoni mwa mikoa ya mbali ya Umoja wa Ulaya pamoja na Réunion, Guadeloupe, Canarias na mingine. Pato lake kwa kila mtu ni dogo kuliko karibu mikoa yote ya Umoja. Tatizo ni kwamba uchambuzi wa ukaribu, yaani muda wa kufika mji mkuu, uwanja wa ndege au chuo, hufanywa kwa mtandao wa barabara za bara, na visiwa vikaachwa rangi ya kijivu, bila data. Kisiwa ambacho majirani zake ni Komoro na Madagaska hakiwezi kupimwa kwa umbali wa kwenda Brussels. Kwa wanaoandika zabuni: ahidini uchambuzi wa pekee wa mikoa ya mbali, mkiutengea siku zake, na mhesabu safari za meli na ndege. Wasemaji wa Shimaore, lugha ya kisiwa hicho iliyo ndugu ya Kiswahili, wangeweza kufanya usaili huko bila mkalimani mwingi.

Taasisi yetu ya utafiti iko Nairobi na ina wataalamu wazuri wa ramani. Tunaweza kuingia?

Katika zabuni kama za ESPON, mlango wa mbele si wenu kwa haki. Tarehe 22 Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la Kolin, kampuni ya Uturuki iliyoomba kazi ya reli Kroatia, ilisema mzabuni kutoka nchi isiyo na makubaliano ya ununuzi na Umoja hana haki ya kudai kutendewa sawa na wengine. Kenya haimo katika makubaliano ya ununuzi wa umma ya Shirika la Biashara Duniani. Mnunuzi anaweza kuwaruhusu, lakini hamwezi kumlazimisha. Njia ya vitendo ni kuwa mkandarasi mdogo wa kikundi cha Ulaya, kama nyaraka za zabuni husika zinaruhusu.

Horizon Europe, mpango mkuu wa Umoja wa kugharamia utafiti, ni habari nyingine. Huko ni ruzuku, na taasisi za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo katika orodha ya nchi zinazostahili kupewa fedha moja kwa moja. Kikundi lazima kiwe na taasisi tatu huru kutoka nchi tatu tofauti za Umoja au zilizojiunga na mpango, angalau moja ikiwa ya Umoja. Ninyi mnaongezwa juu ya hao watatu, hamhesabiwi ndani yao. Anzeni leo kusajili taasisi ili mpate PIC, namba ya utambulisho wa taasisi yenye tarakimu tisa. Mpango wa usawa wa jinsia, unaodaiwa kwa vyuo vya Ulaya, kwenu si sharti la kustahili.

Andiko hupewa alama 0 hadi 5 kwa ubora wa sayansi, kwa matokeo na kwa utekelezaji. Chini ya 3 popote mmetoka, na jumla isipungue 10. Gharama zisizo za moja kwa moja, kama ofisi na umeme, hulipwa asilimia 25 bila risiti. Mkiingia mradi wa malipo ya jumla, yaani kiasi kilichopangwa mapema kwa kila fungu la kazi, kumbukeni kwamba fungu hulipwa likishakamilika. Mwombeni kiongozi agawe kazi ya miaka mitatu katika mafungu mafupi, ili mlipwe mlichomaliza.

Rasimu yetu ya mwisho imerudishwa mara mbili. Uchambuzi ni mzuri, wamekiri wenyewe. Wanataka nini?

Wanataka jibu la swali waliloliweka katika hadidu za rejea. Chukueni maswali yale, yawe matano au sita, myaandike mwanzoni mwa ripoti kwa maneno yale yale, na chini ya kila moja mweke jibu la aya moja, lenye namba ya ramani inayolithibitisha. Pendekezo linaloanza na "watunga sera wanapaswa" mlifute, muandike ni ngazi gani inayohusika: manispaa, mkoa, wizara au Tume ya Ulaya. Ofisa wa mkoa wa mpakani hana mamlaka ya kubadili kodi ya mapato, lakini anaweza kukaa na jirani yake wapange ratiba moja ya basi.

Kisha hakikini faili za data: msimbo wa mkoa, toleo la NUTS, mwaka, thamani, kizio, chanzo, na alama tofauti kwa sifuri na kwa takwimu isiyopatikana. Mkiacha kisanduku kitupu, msomaji hajui kama mkoa hauna hospitali au kama hamkupata data.